Siku Tulipomchimbia Shangazi Kaburi

Ukikutana na mtu anayesema anamjua nguruwe mgonjwa kwa kumtazama tu, muage kwa heshima, kisha ondoka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti kipya cha mifugo, gambuti mpya zilizonibana vidole, na uhakika wa mtu aliyeonyeshwa majibu kabla ya mtihani. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii, na ninyi mliorudi nyumbani kufuga baada ya kuchoka kuzungusha barua za maombi. Nimestaafu, sina tena wa kumficha. Mkuu wangu wa kazi hawezi kunihamisha, na akinihamisha anihamishie hapa hapa kwenye migomba yangu.

Mimi ni mtoto wa ziwani, wa Lundo. Kwetu tulikula ugali wa muhogo na dagaa, na mnyama mkubwa niliyemjua utotoni ni mbuzi wa jirani aliyekuwa na tabia ya kutafuna nyavu za watu. Nguruwe nilimsoma darasani. Nilimchora, nikaandika majina ya viungo vyake vyote, nikapata alama nzuri. Halafu serikali ikanipandisha milimani, Mpepai, kwa Wamatengo, ambako asubuhi unaongea huku meno yanagongana na kila nyumba ina banda la nguruwe nyuma ya kahawa. Siku ya kwanza watu walikusanyika kumpokea bwana mifugo. Wakaniona mimi na begi langu, wakaendelea kumngoja bwana mifugo. Ilibidi mwenyekiti wa kijiji aseme, "Ndiye huyu." Mzee mmoja akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akauliza, "Huyu? Na siku ya kushika dume?"

"Dume nitamshika, Mzee," nikamwambia. "Wewe nishikie daftari."

Wakacheka, nami nikaona nimefika. Kwa miezi mingi waliendelea kuniita Bwana Mifugo hivyo hivyo, na gauni langu.

Wa kwanza kunikaribisha kwake alikuwa Mama Leokadia, jirani yangu ng'ambo ya korongo. Alikuwa mjane wa miaka miwili, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, anaishi na mama mkwe wake, Bibi Tekla. Mumewe alimwachia kahawa, shamba la mlimani, na nguruwe jike mmoja mweupe, mkubwa, aliyeitwa Shangazi. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa wa kwanza kula na wa mwisho kuacha kulalamika. Shangazi ndiye aliyekuwa kiwanda cha samadi ya ile kahawa yote, na wakati ninaousema alikuwa na mimba. Mama Leokadia aliihesabu mimba ile kwa kutia mafundo kwenye kamba. Nilimfundisha mimi, na ninyi shikeni: miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu. Ukishajua siku dume alipopanda, hutashtukizwa. Unaandaa majani makavu mapema, unaweka ubao pembeni ili mama asiwalalie watoto, na wakishazaliwa, kama sindano ya madini ya chuma iko mbali, unawawekea tonge la udongo mwekundu safi wachezee na kulamba. Nimeona vitoto vilivyopauka kama karatasi vikarudisha rangi kwa udongo tu.

Haya, nilikuwa nasema nini? Shangazi.

Ilikuwa Machi, msimu wa ngolo. Kwa wasiojua, Wamatengo hawakubali mvua iwaibie udongo. Wanafyeka majani mlimani, wanayapanga katika mistari inayokatizana kama nondo za dirisha, kisha wanachimba udongo wa katikati na kuyafukia yale majani. Mlima mzima unabaki mashimo mashimo, maji yanatulia humo, na maharage yanaota juu ya kingo. Kwa kawaida wanaume wanafyeka na kupanga, wanawake wanachimba. Na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuumaliza mlima, mnaitana: hiyo ndiyo ngokela. Watu wanakuja na majembe yao, mwenye shamba anawapikia na kuwapikia tena, maana chakula ni kimoja na komoni, pombe yao ya kienyeji, ni nyingine. Siku hiyo ngokela ilikuwa ya Mama Leokadia, na walikuja watu kama arobaini.

Saa tatu asubuhi nilisikia naitwa kutoka ng'ambo. "Bwana Mifugo! Shangazi amelala, haamki."

Nilivaa gambuti, nikashuka korongo, nikapanda. Nikamkuta Shangazi amelala ubavu nje ya banda, ulimi umetoka kidogo, masikio mekundu. Vijike viwili vichanga alivyokuwa navyo bandani vilikuwa vinatembea kwa kuyumba. Kimoja kilijaribu kukimbia, miguu ya nyuma ikaenda upande wake. Chakula cha asubuhi hakikuguswa. Nilizijua dalili zile zote kwa mpangilio: kulala, kuyumba, kukataa chakula, masikio kuwa mekundu. Ukurasa wenyewe niliuona mbele yangu, na mwalimu akisema kwamba hii haina dawa wala chanjo, kwamba anayeiona kwanza akichelewa siku moja basi wilaya nzima inalia.

"Ni homa ya nguruwe," nikasema.

Arobaini waliacha majembe. Mmoja akauliza dawa yake nini. Nikawaambia haina. Nikawaambia inavyotakiwa: nguruwe hawa wauawe, wazikwe kwenye shimo refu kuliko kimo cha mtu, na nguruwe wote wa kitongoji wafungiwe mpaka tujue nao wanauawa au wanabaki. Kaya tisa zilikuwa na nguruwe pale. Niliona watu wakihesabu kimya kimya mabanda yao.

Mama Leokadia akapiga magoti kando ya Shangazi, akashika sikio lake. "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, Mama."

Sasa mtauliza, na kipimajoto je? Kilikuwepo. Kipya, cha kioo, ndani ya kijisanduku chake, ndani ya begi, begani kwangu. Lakini kipimajoto cha nguruwe hakiwekwi kwapani, mnajua kinawekwa wapi. Na pale palikuwa na wazee kumi na watano, katekista, mwenyekiti, na kijana mmoja mwalimu wa shule ya msingi ambaye nilikuwa nimeanza kumwona mzuri. Niliona haya kuinua mkia wa nguruwe mbele yao. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimekaa kazini zaidi ya miaka thelathini na sijapata sababu nyingine ya heshima zaidi ya hiyo. Nilikuwa tayari kuua nguruwe wa mjane kwa ajili ya haya yangu, na nilijiambia kwamba naharakisha kwa ajili ya usalama wa wilaya.

Utaratibu ulitaka mtaalamu wa pili athibitishe. Mwenyekiti akampandisha mtu baiskeli kwenda kata ya jirani kumwita Mzee Kasiani, bwana mifugo mkongwe aliyepewa kazi ya kunilea. Na sisi huku tukaanza shimo.

Nyie, msije mkawaambia Wamatengo wachimbe shimo halafu mkataka muda wa kufikiri. Watu hawa wamezaliwa na jembe. Kulizuka ubishi kwanza: wanawake wakasema kuchimba ni kazi yao, wanaume wakasema kaburi ni kazi yao. Mzee wa daftari, yule yule, akauliza kama hili ni shimo au ni kaburi, na wote wakanigeukia mimi mtaalamu.

"Ni shimo la kitaalamu," nikasema.

Wakachimba wote. Lilikuwa shimo zuri, nawaambia kweli, pembe nne zimenyooka, kingo zimelainishwa, udongo wa juu umewekwa kando na udongo wa chini kando, kwa mazoea tu, kana kwamba tungepanda kitu. Wakati wanamalizia, Mama Leokadia alikuja na mzigo wa majani makavu, yale aliyokuwa amemwandalia Shangazi azalie. Akashuka nayo shimoni, akaanza kuyatandaza vizuri.

"Mama, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hatalala kwenye udongo mtupu," akasema. "Amenizalia kahawa ile yote."

Nikageuka nikajifanya naandika. Hata hapo, vijana wangu, na begi liko begani, sikukitoa kile kipimajoto.

Pikipiki ya Mzee Kasiani ilikuwa inasikika milima miwili kabla haijaonekana. Alifika ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sijawahi kuona anaivua. Tukamwamkia, akaitikia marahaba zote bila haraka, akanawa mikono, akamzunguka Shangazi mara moja.

"Joto lake?" akaniuliza.

Nikatazama gambuti zangu.

"Joto lake ngapi, binti?"

"Dalili zote zipo, Mzee. Anayumba, hali, masikio—"

"Nimekuuliza joto. Homa ya nguruwe. Jina lenyewe linaanza na nini?"

Nikatoa kijisanduku. Mzee Kasiani akaniambia kwa sauti ya chini, yangu peke yangu, "Paka mafuta kidogo, kishike usikiachie, hesabu mpaka mia na themanini." Basi nikachuchumaa mbele ya ngokela nzima, mbele ya katekista, mbele ya yule mwalimu mzuri, nikainua mkia. Hakuna aliyecheka. Watu arobaini walikuwa wananihesabia kimoyomoyo, nilisikia midomo. Nikakitoa, nikakifuta, nikakiinua kwenye mwanga.

Thelathini na nane na nusu.

Nguruwe mzima anacheza hapo hapo, thelathini na nane na kidogo hadi thelathini na tisa na nusu. Mwenye homa ile anakwenda arobaini na moja na kupanda. Nikakisoma tena. Nikakikung'uta, nikapima upya. Nikapima na vile vijike viwili. Wote walikuwa wazima kuliko mimi.

"Sasa mnuse mdomo," akasema Mzee Kasiani.

"Nimnuse?"

"Pua si unayo?"

Nikainama, nikaweka uso wangu kwenye uso wa Shangazi, na Shangazi, kana kwamba alikuwa ananingojea, akacheua. Ilikuja harufu ambayo hata mtoto wa ziwani anaijua. Komoni.

Hapo ndipo Bibi Tekla alipotokea njiani kutoka kwa binti yake, na kifimbo chake, akaona shimo, akaona watu wamesimama, akavua kilemba. "Poleni wanangu. Amefariki nani?"

"Shangazi, Bibi," mtu akamwambia.

"Shangazi? Mbona alfajiri nilimwacha anakula vizuri. Nilimpa machicha yote ya komoni, lile pipa zima. Alikuwa anaimba."

Kilichofuata siwezi kukiandika sawasawa. Mwenyekiti alikaa chini. Katekista aliegemea mti wa kahawa, akaushika kwa mikono miwili, mabega yanacheza. Wanawake walikuwa wanashikana wasianguke shimoni, na mzee wa daftari akawa anarudiarudia, "Shimo la kitaalamu, shimo la kitaalamu," machozi yanamtoka. Yale masikio mekundu yalikuwa pombe na jua tu, kwa sababu mlevi alikuwa amelala nje tangu jua lichomoze. Na katika kelele zile Shangazi akafumbua jicho moja. Akasimama, miguu minne ikifuata mawazo manne. Akatutazama wote kwa dharau, akateremka mlimani, akaingia kwenye ngolo ya kwanza, akatoka, akaingia ya pili, akaona inamfaa, akalala tena na kuanza kukoroma.

Mama Leokadia ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Alikuwa bado amesimama ndani ya shimo kwenye yale majani, analia kwa sauti. Nilishuka shimoni. Nikasema, na nilisema kwa sauti ili ngokela nzima isikie, "Mama, nimekosea. Sikupima. Niliona haya." Akanishika kichwa, akanikumbatia na tope lake lote, na sasa akaanza kucheka na yeye, na tukawa wawili tunacheka ndani ya kaburi la nguruwe aliye hai, hatuwezi kutoka, mpaka wakatuvuta.

Wiki mbili na siku moja baadaye, kwenye fundo la mwisho la ile kamba, Shangazi alizaa kumi na mmoja. Majani aliyozalia ni yale yale, tuliyatoa shimoni tukayaanika. Shimo lenyewe halikufukiwa. Tulilijaza samadi, maganda ya kahawa na magugu, likawa shimo la mboji bora kuliko yote Mpepai, na kila mgeni alionyeshwa: "Hili alilipima Bwana Mifugo wetu." Yule mwalimu mzuri alinioa, kama mnataka kujua. Alisema aliamua siku ile ile nilipoinua mkia.

Sasa somo la machicha, maana nawajua, mmecheka mkasahau. Machicha ni chakula kizuri, msiyatupe. Lakini wape yangali mabichi siku ile ile, au yaanike juani hadi yakauke kabisa. Changanya na pumba, machicha yasizidi theluthi moja ya chakula. Mwenye mimba mpe kidogo zaidi. Na yakishaanza kutoa povu ndani ya pipa, hayo si chakula tena, hayo ni ngokela, na nguruwe hakuja na jembe.

Mzee Kasiani hakuniandikia barua ya onyo. Aliniambia tu, wakati anapiga teke pikipiki yake iwake, "Ungeua, wangekuamini leo, wasingekuamini tena." Sikumwelewa vizuri. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, yeye akiwa amekwishazikwa na kofia yake, ilipokuja homa yenyewe.

Ilianzia bonde la pili. Nilikwenda, nikainua mikia mbele ya watu wote, nikasoma arobaini na moja, arobaini na moja na nusu, arobaini na mbili. Huko walichimba, na hakuna aliyecheka, na sitaki kueleza sana. Nikarudi kitongojini kwa Mama Leokadia, nikasema: fungeni mabanda leo, mgeni asiingie, gambuti za nje zibaki nje na mlangoni pawe na dawa ya kukanyaga, mabaki ya jikoni yachemshwe, nyama ya nguruwe isiletwe kutoka popote. Nilijiandaa kubishana. Hakuna aliyebisha. Mzee wa daftari, sasa anatembelea mkongojo, alisema, "Huyu akikosea huwa anasema. Akisema ni homa, ni homa." Kaya tisa zikafunga. Nilipima kila asubuhi, banda kwa banda, na vitukuu vya Shangazi vilibaki thelathini na nane na nusu mpaka ilipopita.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa barazani nakoboa maharage, simu ikaita. Siku hizi barabara ya kwetu ziwani ni lami, kipimajoto kinalia pii, na Mama Leokadia ana simu kubwa kuliko yangu. Ana miaka themanini na kitu, sauti ni ile ile ya chini.

"Mama Mifugo, shikamoo ya kwako haipo, wewe ni mdogo. Nguruwe wangu wawili wamelala, hawaamki."

"Marahaba nisiyopewa. Jana kwako kulikuwa na nini, Mama?"

"Kulikuwa na ngokela," akasema.

"Na machicha?"

Nikasikia anamuuliza mtu pembeni. "Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anasema hakujua."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Nikamwambia awawekee maji mengi na kivuli, awaache walale, wamelewa tu, jioni watakuwa wanadai chakula.

"Una hakika, mwanangu?" akauliza.

Nikainuka, nikachukua kipimajoto, nikaita bodaboda.